Pampu Haivumi

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Fundi wa Lifti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kazi inakwenda. Sisi huku tupo. Mama yako mdogo magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Baba yako ameipaka nyumba rangi ya kijani bila kumwuliza mtu, na sasa kila anayepita anabisha hodi kuuliza kama ni duka la dawa. Mkwe wangu hajambo? Mwambie mumeo namsubiri tumalize ule mchezo wetu wa drafti, asidhani nimesahau nani alikuwa anashinda.

Haya, la maana. Ile pikapu yangu nyeupe imekufa tangu mvua za mwaka jana. Injini yenyewe ni nzima kabisa. Kilichokufa ni kontroli boksi, kile kisanduku kinachoamua petroli iingie lini na plagi ipige lini. Maji yaliingia, na ndani kumeota kutu ya kijani kama nyumba ya baba yako. Nimetafuta kingine maduka yote ya vipuri, wananijibu gari limezeeka, nitafute jingine. Kwani mke akizeeka unatafuta mwingine? (Mama yako mdogo amesoma hapo begani kwangu, anasema nikuandikie kwamba yeye angekuwa ameshatafuta.)

Sasa muuza vifaa vya umeme wa mtaa wa nyuma ananiambia siku hizi mtu anaweza kujitengenezea kontroli boksi mwenyewe, kwa bodi ndogo ya kompyuta, akaiandikia programu. Anazo aina tatu kwenye kabati lake la kioo. Nilipomwuliza tofauti yake akanitajia bei. Wewe ndiye uliyesomea mambo hayo, na usomi huo tuliusindikiza wote mpaka stendi. Niambie nichukue ipi.

Niandikie, usinipigie. Simu ni ya watu wenye mikono misafi.

Baba yako mdogo,
Sikio


Tarehe 21 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako imefika na grisi kila kona, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Mimi mzima. Kazini tumepewa jengo lenye lifti sita na hakuna hata moja inayosimama sawa na sakafu, wafanyakazi wa mle wanatoka wakiruka kama mbuzi. Mama mdogo mpe pole ya magoti. Baba naye mwache na kijani chake, alivyonyimwa kupaka baiskeli yangu nyekundu zamani zile naona amekuja kulipiza.

Kuhusu simu, nilikupigia Jumapili. Ulipokea, ukasema "ndiyo, ndiyo, vizuri sana," ukakata. Nilikuwa nimekuuliza umekula nini. Haya, tutaandikiana, ila ujue posta inachukua muda wake.

Sasa bodi. Muuzaji anaangalia bei, na najua wewe ukifika pale utauliza ipi ina kasi zaidi. Usianze na bei wala kasi. Anza na kazi. Hesabu vinavyoingia na vinavyotoka. Kwenye pikapu yako kuna sensa ya krenki, ya hewa, ya joto la maji, ya pedali na ya moshi. Hizo zinaingia, bodi lazima izisome. Zinazotoka ni nozeli nne za kupuliza petroli, koili ya plagi, pampu ya petroli na feni. Bodi lazima iwe na nafasi ya kuunga vyote hivyo, na iwe na saa za ndani za kutosha, maana kila nozeli inataka kufunguliwa kwa wakati wake wala haisubiri mwenzake amalize.

Ile ndogo ya buluu, ambayo wanafunzi wanawashia vitaa, inatosha. Usiidharau. Ina akili kidogo, inafanya jambo moja kwa wakati, lakini injini ya silinda nne haihitaji profesa. Ni ngumu, inavumilia volti tano, na watu wengi wameshaitumia kwa kazi hii hii, kwa hiyo ukikwama kuna wa kuuliza. Kubwa zaidi itakusumbua bure. Chukua hiyo, nami nitaandika programu.

Mwanao


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Asante kwa darasa. Nimelisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kuelewa na mara ya pili kwa kutafuta pa kubishana. Tumepata pa kubishana.

Kwanza habari za nyumbani. Mama yako mdogo amenunua kiti cha kukalia anapofua, magoti yanashukuru. Yule mwenye teksi, mteja wangu wa siku zote, amehamia gereji ya barabara kuu. Aende. Mtu akitaka kuondoka haulizwi. Mkwe wangu hajambo? Hajaniletea salamu hata za kutumwa.

Sasa hiyo bodi yako ya watoto. Nilimwuliza muuzaji kama inaweza kujua injini inapogonga. Akaniangalia kama nimemwuliza habari za mbinguni. Wewe unajua ninachosema: petroli ikiwaka kabla ya wakati wake inaipiga pistoni, na ukiiacha hivyo pistoni inatoboka. Mlio wake ni mwembamba, unaotangulia kabla mambo hayajaharibika. Nataka bodi inayousikia mlio huo. Magari mapya yanayo sensa ya kazi hiyo, inafungwa kwenye bloku ya injini kwa boliti moja. Sensa nimeshaipata. Bodi yako ya buluu itaisoma?

Kama haiwezi, nataka inayoweza. Kipenyo cha silinda ni milimita themanini na tano, nimekipima mwenyewe kabla hujaniuliza, maana najua utaniuliza.

Sikio


Tarehe 2 Aprili

Baba mdogo,

Shikamoo. Wewe unajua kumtia mtu kazi. Mimi sijambo, nimehamia chumba cha mbele, kile cha dirisha kubwa, napata mwanga wa kulehemu vizuri.

Jibu ni hapana, ile ya buluu haiwezi. Kwa kipenyo ulichopima, mlio wa kugonga ni mtetemo wa elfu sita na mia saba hivi kwa sekunde. Ili bodi iutambue lazima iisome sensa mara nyingi zaidi ya hapo, ichuje kelele za valvu na mnyororo, na wakati huo huo isisahau nozeli na plagi. Ya buluu ikijaribu itachanganyikiwa na injini itakohoa. Kwa hiyo tunahama. Tunachukua ile kubwa nyeusi yenye chipu ya kisasa. Ina kasi kuliko inavyohitajika, ina saa za ndani nyingi, na ina uwezo wa kupiga hesabu za desimali bila kutokwa jasho.

Lakini ina ngozi laini. Miguu yake inakunywa volti tatu na kidogo, na betri ya gari ina kumi na mbili. Bodi nimenunua huku mwenyewe, programu nimeitia, nakutumia kwenye kifurushi hiki pamoja na waya zilizoandikwa majina. Nakuomba kwa heshima zote, tena nimepiga magoti kwa niaba ya mama mdogo: usipime kwa cheche. Ile tabia yenu ya gereji, ya kugusisha waya kwenye chuma ili muone kama umeme upo, hapa itaua. Tumia mita.

Jambo moja tu nimeshindwa kulielewa. Watu walikupa jina la Sikio kwa sababu unaweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye injini, unafumba macho, halafu unasema "valvu ya tatu" na kweli ni valvu ya tatu. Sasa wewe, wewe wa kutafutiwa mashine ya kusikiliza injini kugonga? Ningekuwa mimi ningeona nimetukanwa.

Mwanao


Tarehe 24 Aprili

Mwanangu,

Nimepima kwa cheche.

Usicheke. Nilikuwa na mita mkononi, wallahi, mama yako mdogo ni shahidi. Lakini waya mmoja nilitaka kuuhakikisha haraka, na mkono ukaenda wenyewe. Hata cheche yenyewe haikuwa kubwa. Bodi ikatoa kamoshi kadogo kenye harufu ya plastiki, ikanyamaza. Nimeipa pole.

Tuma nyingine, na safari hii itengenezee ulinzi, maana mikono yangu imeanza kazi hii kabla hujazaliwa na haisikii la mtu.

Mkwe asalimiwe.

Sikio


Tarehe 14 Mei

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimecheka mpaka fundi mwenzangu akatoka kwenye shimo la lifti kuuliza kuna nini. Nikamsomea barua yako yote. Sasa una mpenzi huku, anataka kujua utaua ngapi.

Ya pili hii hapa. Kila waya unaoingia nimeuwekea kizuizi na fyuzi yake ndogo, hata ukipima kwa radi itastahimili. Nimeifunga kwenye kisanduku cha bati. Usikiweke karibu na injini, kifunge chini ya dashibodi, kwenye ubaridi. Na waya za sensa zipitishe mbali na waya za plagi, zisiambukizane kelele.

Ukishamaliza kufunga usikimbilie kuwasha. Fungua swichi tu, usizungushe stata. Bodi ikiwa hai itaamuru pampu ya petroli, na utaisikia inavuma nyuma kwenye tangi kwa muda mfupi kisha inanyamaza. Ikivuma, kazi yetu imekwisha nusu. Isipovuma, angalia fyuzi, halafu relei, ile swichi ya umeme inayoiwasha pampu, halafu niandikie.

Mama mdogo magoti yanaendeleaje?

Mwanao


Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Pampu haivumi.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo iliyokaa kooni, salamu zitafuata. Nimefunga kila kitu kama ulivyoandika. Nimefungua swichi, kimya. Nimebadilisha fyuzi, kimya. Nimebadilisha relei, nikanunua nyingine tena nikidhani ile mpya nayo ni mbovu, kimya. Nimevuta waya mpya kutoka kwenye relei mpaka kwenye pampu, nimelala chini ya tangi na kichwa changu kimegusa bati lake, mama yako mdogo kafungua swichi, kimya vilevile. Yeye anasema inavuma. Nimemwambia magoti yamempanda kichwani.

Jana nikaamua pengine mpira wa petroli umeziba. Nikaulegeza mbele, pale kwenye injini, mama yako mdogo akafungua swichi, petroli ikanirukia usoni. Macho yaliwaka, mama yako mdogo akanimwagia maji ndoo nzima, na maneno ndoo nyingine. Sasa naona vizuri, wekundu tu umebaki.

Bodi yako haifai. Sisemi kwa ubaya. Itazame tena kwenye programu, pengine umesahau kuiamuru pampu.

Hatujambo wote. Baba yako sasa anapaka geti. Mkwe wangu yuko wapi siku hizi, kasafiri?

Sikio


Tarehe 23 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Petroli haipandi yenyewe kutoka kwenye tangi mpaka mbele ya gari. Ilikurukia usoni kwa sababu pampu ilikuwa inaisukuma. Bodi nzima, programu nzima, relei zote tatu nzima. Na pampu ile naijua, ni ya kizamani, ikivuma mtu aliyeko jikoni anajua umefungua swichi. Wewe kichwa chako kilikuwa kimegusa tangi. Baba mdogo, ilivuma. Hukuisikia.

Mama mdogo alinipigia Jumapili iliyopita. Hakusema neno juu yako, mwanamke yule ana siri. Lakini alikuwa anapiga kelele kwenye simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Nikamwuliza, mama mdogo mbona unanifokea? Akasema ni mazoea. Mazoea ya kuzungumza na nani, kama si wewe?

Ndiyo maana hutaki simu. Ndiyo maana ulijibu "vizuri sana" nilipokuuliza umekula nini. Na ndiyo maana umehangaika kutafuta bodi yenye sikio. Mimi mjinga nikakufanyia mzaha.

Sikuandikii kukuaibisha. Naandika kwa sababu nimeogopa. Petroli usoni, karibu na swichi na betri na waya uliouvuta mwenyewe, kwa sababu tu hukutaka kumwamini mkeo alipokwambia inavuma! Ungeungua, baba mdogo. Ungeungua na mimi ningekuwa ndiye niliyetuma bodi.

Tangu lini? Umemwona daktari? Nijibu hilo kwanza, gari baadaye.

Mwanao


Tarehe 5 Julai

Kwa Fundi wa Lifti,

Barua imefika. Sisi hatujambo.

Masikio yangu yapo mahali pake, moja huku na moja huku. Mtu wa gereji hupitiwa, kuna nyundo, kuna grainda, huwezi kusikia kila kidudu kinachovuma. Kufanya hivyo kuwa habari ya daktari ni kukuza mambo.

Na kwa kuwa umefungua mlango wa kuulizana, nami naingia. Tangu mwezi wa pili namsalimia mkwe wangu na kukuuliza habari zake. Umenijibu habari za sensa, za volti, za lifti sita, za mwanga wa dirisha. Neno moja juu yake hujaandika. Kwa hiyo usinifundishe kusema ukweli. Wewe ndiye uanze.

Bodi nitakurudishia. Pikapu nitauza chuma chakavu.

Baba yako mdogo


Tarehe 22 Julai

Baba mdogo,

Shikamoo. Haya, naanza.

Mkwe wako aliondoka mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Hatukupigana wala hatukutukanana. Alisema amechoka, akachukua nguo zake, redio na kiti kimoja. Viti vilikuwa viwili, na mpaka leo sijui kwa nini alichukua kimoja. Nimehamia chumba cha mbele kwa sababu cha nyuma sikiwezi. Habari ya mwanga wa kulehemu ni kweli, lakini siyo yote.

Sikukuandikia kwa sababu ulimpenda. Kila nilipofika pale kwenye "mkwe hajambo" kalamu ilikataa, nikaikimbilia sensa. Sensa haiulizi mtu kitu. Naumia, baba mdogo, tena sana, na ofisini hakuna ajuaye. Sasa nimeshaandika. Nimekaa nasubiri nione kama nitakufa, na naona sijafa.

Bodi usirudishe. Nimeikalia programu usiku na mchana, nimeibadilisha. Nakutumia bodi mpya, ile ya zamani iwe ya akiba. Hii ina taa tatu za kufunga juu ya dashibodi. Ya kijani ikiwaka, pampu inasukuma na presha imekamilika. Ya njano, injini imewaka na inazunguka yenyewe. Nyekundu ni kugonga: ikimetameta, mlio ule mwembamba umeanza, rudisha taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga, nyuma kidogo kwa kitufe cha kuzungusha kilicho ubavuni mwa kisanduku, au punguza mguu.

Sikuongeza taa hizi kwa kukuhurumia. Kwenye lifti hakuna fundi anayesikiliza. Kamba iko juu ghorofa ya kumi, injini iko chumba kingine, abiria wanapiga soga. Kila jambo la hatari lina taa yake, na sijamwona fundi anayeitazama taa akaona haya. Kama hutaki, mpe fundi mwingine. Lakini usiuze pikapu kwa sababu ya kunikasirikia mimi.

Sikuulizi tena. Ukitaka kuniambia utaniambia.

Mwanao


Tarehe 16 Septemba

Mwanangu,

Nimechelewa. Kifurushi kilifika mapema, barua ndiyo iliyonikalisha. Nilimpa mama yako mdogo aisome, akaenda jikoni akalia, akarudi akasema mambo mawili juu ya yule bwana ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya posta. Mimi nilikwenda gereji nikakaa kwenye pikapu mlango umefungwa. Pole, mama. Pole sana. Ningekuwa karibu ningekuja na kiti.

Bodi niliifunga Jumamosi. Taa ya kijani iliwaka. Nikazungusha stata, nikaendelea kuzungusha, nikawa najiambia leo hii injini ina ukaidi. Mara mama yako mdogo katoka ndani mbio, na magoti yale, hajakimbia tangu harusi ya dada yako, ananipiga mkononi kwa kofia yangu mwenyewe. Naona mdomo wake: imewaka! Imewaka, achia! Nikatazama dashibodi, taa ya njano ilikuwa inanitazama. Injini ilikuwa inazunguka zamani, na mimi nasaga stata juu yake kama mtu aliyeshika funguo kwa mara ya kwanza.

Nikazima. Nikamwambia mke wangu, sisikii. Akasema anajua. Nikasema, hapana, hujui, sisikii kabisa upande wa kushoto, na wa kulia sauti nyembamba zimekwenda zote, nabaki na zile nzito za ngoma tu. Akasema anajua, alikuwa anangoja niseme. Tulikaa mle ndani ya pikapu muda mrefu, na milango ikiwa wazi.

Ilianza mwaka juzi. Ile teksi haikuhama kwa ujinga wa mwenyewe. Aliniletea akasema injini ina kamlio. Nikaweka bisibisi sikioni, nikafumba macho kama kawaida yangu, nikamwambia nzima, nenda. Ilikuwa inagonga. Pistoni ilitoboka njiani na abiria ndani. Hakuja kunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alikumbuka tu nilivyokuwa namgeuzia sikio la kulia alipozungumza, akaelewa, akaondoka bila kunitolea siri. Mtaa mzima bado wananiita Sikio, na kila wakiniita nageuka.

Wiki hii nimepakia pikapu mchanga, nikaipandisha kile kilima cha nyuma ya shule. Katikati taa nyekundu ikametameta. Mwanangu, nilisimamisha gari pale pale. Sikusikia chochote, hata chembe, lakini nilijua. Nikarudisha taimingi kama ulivyoandika, nikapanda tena, ikatulia. Nikashuka nikaweka kiganja kwenye kifuniko cha valvu, na kiganja kikaniambia yaliyobaki. Kazi naweza kuifanya. Nilikuwa nimeshaamini siwezi.

Bodi uliyochagua ni nzuri. Mwenye teksi nimemwendea, tumezungumza, kesho analeta gari nimfungie sensa kama hii. Kwa daktari naenda Jumatatu, na mama yako mdogo ananisindikiza ili nisije nikajibu "vizuri sana."

Sasa wewe. Habari za yule bwana usiniandikie tena, zimetosha kwa karatasi. Omba likizo, hizo lifti ziruke zenyewe. Chumba cha uani kipo na dirisha lake kubwa. Baba yako nimemkataza asikipake rangi.

Ukija, usikae mbele yangu kama wageni. Kaa upande wangu wa kulia, karibu, huko bado napata kidogo. Kisha uniambie taratibu, tangu mwanzo. Nataka nisikie yote.

Baba yako mdogo